Nimewaandika wanafunzi wangu, sasa jarida limerudisha makala na maswali

Shangazi shikamoo,

Naomba usitaje chuo changu wala mji, huku tulipo Waswahili tunajuana wote, mpaka gari la mtu unalijua kwa mlio. Mi ni Mtanzania, mtu wa Kigoma, nina miaka 38, nipo Iowa, Marekani, mwaka wa 11 sasa. Nafanya kazi kwenye chuo cha miaka miwili, hivi wanavyoviita vyuo vya jamii, mimi ni adivaisa yaani mshauri wa masomo. Nyumbani nikisema kazi yangu ni kushauri wanafunzi wanadhani mambo ya wachumba, hapana, mtu anakuja tunachagua kozi, tunaangalia asishuke alama akakosa msaada wa ada, akifeli hesabu mara ya pili tunakaa tuone kama aidropu au apambane nayo, akitaka kuhamia chuo kikuu namwambia kozi zipi watamhesabia kule na zipi zitapotea. Listi yangu ina watu 320.

Sasa hapa kuna Wakongo wengi walioletwa kama wakimbizi na wengi wamepitia kambi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma kabisa. Walipojua kuna adivaisa anaongea Kiswahili ikawa hata waliopangiwa wenzangu wanakuja mlangoni kwangu. Wengine wananiita yaya, mwanzoni nilikasirika nikidhani wananiona mlezi wa watoto, kumbe kwao yaya ni dada mkubwa. Wanatoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili wapo darasani.

Kitu nilichokigundua ni hiki. Wenzangu Wamarekani wanasema hawa wanafunzi ni rahisi sana, kila unachowaambia wanasema ndiyo. Ila baadae unakuta kozi hajasajili, au kasajili nyingine kabisa. Mi najua ile ndiyo, ni ndiyo ya heshima, mkubwa kaongea basi unaitikia, maamuzi yenyewe yatafanyika nyumbani na mjomba au mchungaji. Nilipoanza kuwauliza "nyumbani wamesemaje?" mazungumzo yalifunguka kama bomba. Miaka minne nimekuwa naandika hivyo vitu kwenye daftari langu, nani kasemaje, nini kimesaidia.

Nikaandika makala, mwaka mzima usiku watoto wakilala, kurasa 24, nikapeleka kwenye jarida la kitaaluma la fani yetu. Baada ya miezi mitano likanijibu. Shangazi nililia parking ndani ya gari. Wamesema nifanye marekebisho makubwa nitume tena. Wahakiki, yaani wasomi wa fani wanaopitia makala kabla haijachapishwa, walikuwa wawili. Wa kwanza ana maneno mazuri, wa pili ameandika kwamba hii ni simulizi yenye moyo lakini siyo utafiti, nadharia iko wapi, mbinu iko wapi, na anauliza nilipata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo? Sikupata. Sikujua hata kama nahitaji, mimi nilikuwa nafanya kazi yangu tu.

Kama haitoshi bosi wangu aliposikia makala inaelekea kutoka anasema jina lake ndo liwe la kwanza kwa sababu data ni ya ofisi. Alichofanya yeye ni kunirekebishia koma na nukta na kichwa cha habari.

Halafu wiki iliyopita imeingia imeili kutoka jarida lingine, "Mheshimiwa Profesa", mimi hata udaktari sina, wanasema wameona kazi yangu ni bora, nilipe dola 650 watachapisha ndani ya siku kumi. Nataka kuomba kusoma PhD, maombi yanafungwa Desemba, na kwenye CV yangu sehemu ya machapisho ni tupu. Mume wangu anasema yeye haelewi, yaani uandike mwenyewe, usilipwe, halafu ulipe? Anasema achana nayo tuangalie maisha.

Nimechoka. Nilipe? Nimpe bosi anachotaka? Nirekebishe? Au niache?

Ni mimi, mshauri asiyeshaurika, Iowa.

Nimesahau. Yule mama niliyemwandika zaidi, nimempa jina la bandia, kamaliza chuo Mei na ananipigia simu kila Jumapili. Hajui kama yumo.

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi ya parking, watu wengi tumelia kwenye magari ambayo hatujamaliza kuyalipia.

Umeniletea maswali manne halafu cha tano umekichomeka chini ya sahihi kama mtu anayekumbuka ufunguo ameshafika getini. Mimi nimekisoma hicho kwanza. Nitakirudia, ila nisikuache na yale mengine yanakukaba.

Tuanze na hayo marekebisho, maana naona umeisoma ile barua kama hati ya talaka. Mimi makala yangu ya kwanza ilirudi na mistari miwili tu, hapana asante, basi. Wewe umeandikiwa na wahakiki wawili ambao hawakujui, hawalipwi, wamekaa na kurasa zako 24 na wakasema rekebisha ulete. Hiyo ni lugha ya kazi, mwanangu. Majarida yanayopitisha makala kwa wenzako wa fani mara chache sana yanachukua kitu kilivyokuja mara ya kwanza, mengi yaliyochapishwa yamepita hapo hapo ulipo. Siyo ahadi kwamba watachukua, hapana, unaweza kurekebisha miezi mitatu wakasema bado, watu yamewakuta. Ila mlango haujafungwa, na hata kwenye hiyo CV ya Desemba ruhusa unayo ya kuandika kwamba una makala iliyo kwenye marekebisho, wanaosoma maombi ya PhD wanajua maana yake.

Sasa huyu mhakiki wa pili aliyekuumiza. Mi nimejaribu kumsoma bila hasira yako. Anasema ni simulizi yenye moyo ila siyo utafiti. Inawezekana hajasema kazi yako ni mbaya, amesema umeleta pilau kwenye duka la vitambaa. Jumuiya yenu ya washauri wa masomo kule Marekani, NACADA, ilianza 1979 na jarida lake kubwa likaanza 1981, na hilo jarida linataka utafiti hasa, swali, mbinu, ushahidi, mjadala. Lakini 2020 wakaanzisha la pili, NACADA Review, ambalo limeelekea zaidi kwenye yale mtu anayoyaona kazini na mtazamo wake. Kuna jarida la The Mentor la chuo kikuu cha Penn State, lipo tangu 1999. Na kuna Academic Advising Today yenye makala fupi fupi ambazo adivaisa mwenye listi ya watu 320 anaweza kuzisoma akila chakula cha mchana. Hujaniambia ulipeleka wapi, na sitaki kukuambia hamisha, maana ukihamisha lazima kwanza uwaambie wa mwanzo kwamba unaiondoa, makala haikai sehemu mbili kwa wakati mmoja, na ukianza upya foleni unaianza upya. Nauliza tu, ulipokaa usiku unaandika ulikuwa unamwandikia nani? Profesa wa kuhakiki mbinu, au yule mwenzako wa meza ya pili anayesema Wakongo ni rahisi?

Na hii habari ya nadharia isikutishe, nadharia unayo ila hujaipa kiti. Fani yenu inapenda kurudi 1972, mwaka ambao msomi mmoja, Crookston, aliandika kwamba kuna ushauri wa kidaktari, mwanafunzi anakuja na ugonjwa, mshauri anaandika dawa, basi, na kuna ule wa kumkuza mtu ambapo wawili wanakaa wanajadiliana na kubebeana wajibu. Mwaka huo huo msomi mwingine, O'Banion, akaweka ngazi tano, kwanza malengo ya maisha, halafu ya kazi, halafu programu, halafu kozi, mwisho kabisa ratiba, na akasema wazi kwamba anayeamua ni mwanafunzi. Vizuri. Sasa wewe unakuja unasema kwenye ofisi yangu anayeamua hayumo chumbani, yupo nyumbani anapika au yupo kanisani. Hilo swali lako la "nyumbani wamesemaje" ni jibu kwa hao wazee wawili, na kwa maneno yako mwenyewe limefungua watu ambao kila mtu alidhani wameelewa. Mimi ningekuwa mhakiki ningetaka kurasa kumi za hilo tu. Mimi si mhakiki wako, lakini nimewahi kuwa wa watu wengine, na kitu kinachochosha ni makala zisizo na la kusema zilizovaa nadharia vizuri. Yako ina la kusema, nguo ndo haijavaa.

Dola 650. Sitakucheka, maana imeili ya namna hiyo inakuja siku mtu ameumia, inamkuta kama jirani mbaya anayejua lini mume hayupo. Kulipa ada siyo dhambi peke yake, kuna majarida safi yanayosomwa bure na yanatoza mwandishi ili yaendeshwe. Angalia wanachofanya kati ya kupokea na kuchapisha. Siku kumi, nani atakuwa amesoma? Wamekuita profesa, ina maana hata jina lako hawajalitafuta. Kulikuwa na mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, alikuwa anaweka orodha ya majarida ya kitapeli, akaifunga Januari 2017 baada ya vita vingi, na wapo waliosema orodha yenyewe ilikuwa inawaonea baadhi. Leo wengi wanaangalia kinyume chake, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, DOAJ, ipo tangu 2003, au unamuuliza tu mkutubi wa chuo chako, wale watu wanakaa wakisubiri kuulizwa swali kama hili. Hatari nyingine haisemwi sana, ukishachapisha kule umeitoa, hutaipeleka tena kwenye jarida la maana, na kuiondoa wengine wanakudai tena hela. Ukiamua kulipa bado ni hela yako na makala yako. Ila niambie, unataka hiyo karatasi ikufanyie nini kwa wale wa PhD, wakiifungua wakaona jina la jarida?

Mkwe wangu naye asionekane mjinga hapo. Swali lake ni la mtu anayeona mke wake halali. Umemwambia hii makala ni ya nini? Maana kwa adivaisa pale chuoni mara nyingi mshahara haupandi kwa kuchapisha, hiyo ni ya walimu, na muda hawakupi. Kama ni kwa ajili ya PhD ni sababu moja, kama ni kwa sababu umechoka kusikia "Wakongo ni rahisi" ni nyingine, na kila moja ina njia yake na usiku wake wa kukesha.

Bosi. Hapa nitakuambia ninachokijua halafu tufikirie. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, ambacho majarida mengi ya elimu yanafuata taratibu zake, kimeandika kwenye maadili yake kwamba cheo tu, kwa mfano kuwa mkuu wa idara, hakimpi mtu haki ya kuwa mwandishi, jina linafuata mchango. Koma na nukta mahali pake ni kwenye shukrani. Lakini karatasi ya APA haiwezi kukulinda Jumatatu asubuhi kwenye kikao, najua hilo. Najiuliza tu kama umemsikia vizuri. Amesema data ni ya ofisi. Inaweza kuwa tamaa, wakubwa wengi wanapenda kukuta ugali umeshaiva. Inaweza kuwa woga pia, maana rekodi za wanafunzi zina sheria yake, FERPA, tangu 1974, na daftari lako likileta kesi anayeitwa ni yeye. Au vyote viwili kwenye kichwa kimoja, watu ndivyo tulivyo. Unaweza kumuuliza bila ugomvi, kwenye haya marekebisho utabeba sehemu gani? Akikubali kushika sehemu ya mbinu na kuhangaika na kamati ya maadili, ameshaanza kupata haki ya jina, la pili, na wewe umepata mtu wa kazi. Akikataa ameshakujibu. Ukimpa la kwanza ili upate amani, amani utaipata, sijui kwa muda gani, na kwenye kila makala ijayo atakaa pale pale. Ukimkatalia moja kwa moja, wewe ndo unayejua mkataba wako na makaratasi yako ya uhamiaji yamekaaje. Mimi siyajui.

Nimefika kwa yule mama wa Jumapili.

Kibali cha kamati ya maadili siyo muhuri wa posta kwamba ulisahau unarudi kuugonga. Kamati haitoi ruhusa ya kurudi nyuma kwa kitu kilichokwisha fanyika kama utafiti. Ila unaweza kwenda kuwauliza, kabla hujagusa sentensi moja, uwaambie ukweli, niliandika kwenye daftari kama sehemu ya kazi, sasa nataka kutumia, inawezekana au haiwezekani na kwa namna gani. Pengine watakuambia kuna njia ya kutumia kumbukumbu zilizokuwepo. Pengine watakuambia anza upya, wahoji waliokwisha maliza chuo ambao hawapo tena chini ya mkono wako, wakubali kwa maandishi, na hapo unapoteza mwaka lakini unapata utafiti ambao mhakiki wa pili atakosa pa kuushika. Pengine utaamua kutoa watu wote ubaki wewe, uandike ulichobadilisha kwenye ushauri wako na kwa nini, hiyo inaingia kwenye makala fupi, ingawa najua utaona umeikata mikono. Na kuiweka kabatini nayo ni njia, watu wenye akili wameipita.

Jina la bandia umempa, sawa. Lakini mama, Nyarugusu, kiwanda cha nyama usiku, kamaliza Mei. Mwanangu, mji ambao gari la mtu mnalijua kwa mlio? Huyo kanisa zima limeshamtaja kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Na sasa sikiliza hiki maana kimenikalia kooni tangu nisome barua yako. Wewe ndiye umegundua kwamba ndiyo yao ni ya heshima. Umeandika kurasa 24 kuthibitisha hilo. Kesho Jumapili atapiga simu, utamwambia yaya wako ameandika habari zako, unakubali? Atasema ndiyo. Atasema ndiyo kabla hujamaliza sentensi, na wewe peke yako katika jimbo zima la Iowa ndiye unayejua ile ndiyo ina uzito gani. Fomu ya kamati haiijui. Mhakiki wa pili haijui.

Sisemi usimuulize, sikia. Labda asomewe kwa Kiswahili ile sehemu yake, yote, siyo muhtasari, abaki nayo. Labda umwambie akaongee na watu wake na jibu lije wiki nyingine, likiwa la hapana lisiharibu simu za Jumapili. Hilo la mwisho ndo gumu zaidi, kumfanya mtu aliyekuzoea kama mkubwa aone hapana inawezekana. Anaweza kukataa, na makala ikabaki na shimo katikati, hasara hiyo ipo. Anaweza kuchukia kwamba hukuuliza mapema. Anaweza pia kukuambia umekosea, mimi sikuitikia kwa heshima siku ile, nilikuwa na usingizi, na hapo utakuwa na makala tofauti kabisa. Swali la kumuulizia unalo tayari, umelitumia ofisini kwako, nyumbani wamesemaje.

Kitu kimoja kidogo hukuniambia. Barua ya mhariri ina tarehe ya kurudisha? Nyingi huwa nazo, iangalie leo, na kama inabana mwandikie mistari miwili umwombe muda, mwambie kuna jambo la maadili unalishughulikia. Wahariri wengi wanatoa. Na mwambie mkwe alale, wewe pia.

Shangazi